Pete ya Kigae na Mateka wa Karati

Limevuma neno mabarazani, na sasa limeingia hata katika mashairi ya kuchomana yapitishwayo mkono kwa mkono, kwamba mwanamke aliyevishwa pete isiyokuwa ya dhahabu hakuolewa bali ameazimwa. Mwenye kulitunga ni hodari wa vina, na kwa hilo sina ubishi naye. Mizani yake imetimia na kituo chake kimekaa mahali pake. Lakini hoja iliyomo ndani ya mizani hiyo ni mbovu, na kwa kuwa inamgusa binti wa marehemu ndugu yangu, ambaye mimi ndiye walii wake, nimeona kunyamaza kutahesabiwa kuwa ni kukubali.

Kisa chenyewe nakieleza kwa ufupi, maana wengi wamekipata kikiwa kimekwisha kutiwa chumvi. Binti huyu alipoposwa na kijana fundi wa mashua aliulizwa, kama ilivyo ada, anataka nini. Mahari aliyataja, tena hakujipunja. Pete ndiyo aliyoitaka ya namna yake. Bibi yake alikuwa na sahani ya maua ya buluu iliyokaa kidakani tangu sisi hatujazaliwa. Mwaka ule ukuta ulipofanyiwa ukarabati sahani ikadondoka, ikapasuka vipande. Bibi alivikusanya, akavifunga katika kipande cha kanga, na akafariki navyo vimo sandukuni mwake. Binti akachagua kigae kimoja chenye ua zima, ukubwa wake kama ukucha wa kidole gumba, akampa mchumba wake akipeleke kwa mhunzi wa fedha. Mhunzi akakisugua kingo juu ya jiwe mpaka zikalainika, akakizungushia ukanda mwembamba wa fedha, akaukunja ukanda huo juu ya kingo kidogo kidogo, kwa subira, maana kigae hakisamehe nyundo nzito. Pete ikatoka.

Kesho ya siku ya kuvishana, dada yangu mkubwa alinijia nyumbani kabla ya chai. Hakukaa. "Ndugu yangu," aliniambia, "na wewe walii mzima umeridhia? Sahani ikivunjika hutupwa jaani, haivishwi mwana wa watu." Nilimjibu kwa upole kwa sababu ni mkubwa wangu. Hapa najibu kwa uwazi zaidi, kwa sababu aliyatamka peke yake maneno ambayo wengi wanayasema kwa pamoja.

Nianze na wale wanaojikinga kwa dini. Nikaha ina nguzo zake zinazojulikana na kila mtoto wa chuoni: walii, mashahidi wawili, tamko na kukubali, na mahari ni haki ya mke aliyofaradhishiwa. Pete haimo. Nikaha iliyofungwa bila ya pete ni nikaha kamili, na pete ya mamilioni iliyovishwa bila ya nikaha haihalalishi hata kushikana mkono. Kisha iko hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad, ya yule mtu aliyetaka kuoa ilhali hana kitu ila nguo aliyoivaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma akatafute chochote, japo pete ya chuma. Hakuipata hata hiyo, akaozwa kwa kile alichokihifadhi katika Kurani. Asije mtu akaniambia nimechanganya mambo: najua kwamba pete ile ilitajwa kuwa mahari, si alama ya uchumba, na najua wako wanavyuoni waliochukia pete ya chuma kwa hoja nyingine. Nachosema ni hiki tu, kwamba chuma kilipotajwa katika mlango wa ndoa hakikutajwa kwa dharau. Dharau tumeileta sisi.

Tena tukumbushane juu ya pete ya Mtume mwenyewe. Ilikuwa ya fedha, na katika riwaya moja jiwe lake ni la Kihabeshi. Ilitumika kupigia muhuri barua zilizopelekwa kwa wafalme. Ilirithiwa na makhalifa mpaka ikafika kwa Sayyidna Uthman, na siku moja ikamtoka ikaanguka katika kisima cha Aris, huko Madina, ikatafutwa siku tatu wala haikuonekana. Pete ambayo umma mzima uliilia haikuwa na chembe ya dhahabu.

Na hapa nampa mshairi wetu swali moja alifikirie akiwa amelala. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume wa Kiislamu, jambo hili halina mvutano. Waume wote wa pwani hii wanaovaa pete ya ndoa wanavaa fedha, au madini mengine yoyote yale ila dhahabu. Ikiwa asiyevishwa dhahabu hakuoa wala hakuolewa, basi nusu ya kila ndoa katika kisiwa hiki ni batili, na mshairi mwenyewe, ambaye pete yake ya fedha nimeiona kwa macho yangu, ni mseja.

Wengine hawaji kwa mlango wa dini. Wanakuja kwa mlango wa desturi, na hao ndio walio wengi. Wanasema: wazee wetu walivishana dhahabu. Wazee gani? Mimi sikatai kwamba bibi harusi wa pwani alipambwa. Alipambwa mno: mkufu, vikuku, vipuli, majasi masikioni, kipini puani. Bali vito hivyo havikuwa vya dhahabu kwa kila nyumba. Palikuwa na fedha kwa wingi, na wahunzi wa zamani waliipata kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile ambazo hata zilipogongwa miaka mia baadaye ziliendelea kuandikwa mwaka 1780. Lugha yenyewe inashuhudia. Tuliponunua samaki, tuliponunua nyumba, tulilipa fedha. Jina la madini likawa ndilo jina la mali yote. Dhahabu haikupata heshima hiyo katika Kiswahili. Na sherehe hii ya kuvishana pete mbele ya kamera, kwa ukumbi wa kukodi na keki ya ngazi nne, mimi katika utoto wangu sikuiona. Nilimwona kungwi akidai kifungua mlango, nilisikia habari za kipa mkono, niliona mahari yakihesabiwa juu ya mkeka. Huo ulikuwa ndio utaratibu. Sisemi kwamba jambo jipya ni baya kwa kuwa ni jipya. Nasema tu kwamba mtu asiniletee jambo la jana akaniapia kuwa ni la mababu.

Wala huko walikolichukua si la kale kama wanavyodhani. Pliny Mkubwa, aliyeandika katika karne ya kwanza, ametaja kwamba pete waliyopelekewa wachumba wa Kirumi hata katika zama zake ilikuwa ya chuma, tena bila ya jiwe. Almasi ambayo vijana wetu sasa wanaiona sinemani na kuiota usiku ina historia fupi ya kuaibisha. Mwaka 1938 kampuni ya De Beers iliiajiri kampuni ya matangazo ya Kimarekani, N. W. Ayer, kwa sababu biashara ya almasi ilikuwa imelala. Mwaka 1947 mwandishi wa matangazo wa kampuni hiyo, Frances Gerety, akabuni ile kauli ya kwamba almasi ni ya milele. Baadaye matangazo yakamwelekeza bwana harusi hata kiasi cha kutumia: mshahara wa miezi miwili. Yaani mtu aliyeketi ofisini Philadelphia, asiyemjua bwana harusi wala bibi harusi, ndiye aliyemkadiria kijana kipimo cha mapenzi yake. Hiyo nayo tumekwisha kuiita desturi.

Na almasi hizo nyingine zilitoka kwetu. Mgodi wa Mwadui, Shinyanga, uligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Mwaka 1947, mwaka uleule wa kauli ya milele, ilichimbwa hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ikatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika bruchi yenye umbo la ua. Ua, ndugu msomaji. Kito kilichotoka ardhini mwetu kikawa ua la kubana nguo. Binti yetu naye ana ua lake la buluu, na alilitoa sandukuni kwa bibi yake bila ya mtu kushuka shimoni.

Juu ya tanzanaiti, ambayo baadhi ya vijana wananipendekezea kwa hoja ya uzalendo, nina neno fupi. Iligunduliwa Mererani mwaka 1967 na kupewa jina na Tiffany wa New York mwaka uliofuata. Ni nzuri, Mungu ameiumba ikapendeza. Ila ni laini kwa kito: ugumu wake ni baina ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, na mkono unaokuna nazi na kufua kila siku utaikwaruza. Kama ni kipuli, sawa.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo naiheshimu, kwa sababu haitoki katika majivuno. Dada yangu aliirudia mara ya pili alipokuja, safari hii akakaa. Alisema: "Wewe ni mwanamume, hujui. Dhahabu si pambo, dhahabu ni mgongo wa mwanamke. Akiachwa, ataishika mkononi aende nayo. Kigae atakiuza kwa nani?"

Haya ni maneno ya kweli. Mama yetu aliuza kikuku kimoja mwaka ambao baba alilala kitandani, na cha pili tulipofikia kulipiwa ada za shule, na wala sikumsikia kulalamika. Mwanamke ambaye hati ya nyumba haina jina lake, na duka halina jina lake, ana haki ya kuwa na kitu kimoja ambacho mume hawezi kukiuza bila ya kumvua mkononi. Na thamani ya kitu hicho haikuanguka. Mwaka 2001 wakia moja ya dhahabu iliuzwa duniani kwa chini ya dola 300. Mwezi wa Machi 2008 ilivuka dola 1,000. Agosti 2020 ikavuka 2,000. Na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Bibi yetu angekuwa ameacha vikuku badala ya sahani, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Lakini tazameni hesabu hiyohiyo inatupeleka wapi. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Pete nyembamba ya gramu 4, ya karati 22, kwa bei ile ya dola 4,000, ina dhahabu ya takriban dola 470, kabla ya ujira wa sonara. Kwa kijana anayepasua mbao za mashua, hizo ni kazi ya miezi. Kwa mwanamke aliyeachwa na watoto watatu, hizo ni chakula cha muda mfupi. Kwa hiyo kitu hicho ni kikubwa mno kwa mwenye kukinunua, na ni kidogo mno kwa mwenye kukitegemea. Ikiwa tunataka kumwekea mwanamke mgongo, tumwekee mgongo, si pete. Mahali pa mgongo ni katika mahari, ambayo ni yake peke yake, hayana mgao wa baba wala wa ami. Binti yetu alifanya hivyo hasa: fedha taslimu na kikuku kimoja cha dhahabu, vikaandikwa katika cheti cha ndoa, nusu vikalipwa palepale na nusu vikawekwa deni. Watu waliokuja kuitazama pete hawakuuliza habari ya cheti. Hata dada yangu hakuwa ameuliza. Nilipomwonyesha, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata hivyo kikuku kingekuwa viwili.

Na hapo ndipo ninapowageukia vijana wa kiume, nisije nikawapa silaha. Wako waliokwisha kuisikia habari hii wakaifurahia kwa sababu mbaya. Mmoja alinisimamisha njiani akanishukuru, akasema sasa ataoa kwa pete ya kifuu cha nazi na mahari ya msahafu, maana mapenzi hayanunuliwi. Nilimuuliza bei ya simu iliyomo mkononi mwake. Pete isiyo ya kawaida ikichaguliwa na mwanamke kwa hiari yake, baada ya haki yake kuandikwa, ni uchaguzi. Ikichaguliwa na mwanamume ili aifiche mikono yake mifupi, ni ubakhili uliovaa koti la usanii. Sina ushairi wa kumtetea huyo.

Wala sioni fahari katika lile suluhisho la kimyakimya ambalo sote tunalijua: pete ya kuchovya. Inang'aa ukumbini, inapigwa picha, na baada ya miezi sita inaacha mduara wa kijani kidoleni. Mwenye kuvishwa anajua, mwenye kuvisha anajua, mama zao wanajua, na wote wanafanya hawajui. Vile vito vya kukodi vinavyorudishwa dukani Jumatatu asubuhi angalau mwenye navyo haapi kwamba ni vyake. Jamii inayoikubali pete ya uongo ya rangi ya dhahabu, na kuikataa pete ya kweli ya rangi ya fedha, imekwisha kueleza kile inachokiabudu. Kigae hakijidai. Kinasema: mimi ni kigae, nimetoka katika sahani ya nyumba hii.

Kuna wanaohofu nuksi. Kilichovunjika, wanasema, kisiingizwe harusini, kitavunja na ndoa. Kwa hawa sina aya wala takwimu. Najua tu kwamba sahani nzima ndiyo iwezayo kuvunjika. Kigae kimekwisha kuyapita hayo, na sasa kimefungwa ukanda wa fedha pande zote. Kama ni ishara tunatafuta, mimi naisoma hivyo, na usomaji wangu si dhaifu kuliko wao.

Jambo moja nalikubali dhidi ya upande wangu. Pete za vigae zimekuwa zikitengenezwa Amu kwa miaka mingi na wageni wanazipenda, na si kila kigae kimetoka sandukuni mwa bibi. Vingine vimebanduliwa magofuni na makaburini, mahali ambapo wazee walizipachika bakuli za Kichina katika kuta na nguzo za makaburi, kama zilivyopachikwa Mambrui na Kunduchi. Anayebandua huko anamwibia maiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi inakihesabu kila kitu kinachohamishika, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895, kuwa ni cha kale, na haikutuachia kila mtu ajichukulie. Kisha si kila kigae cha buluu ni cha Uchina kama wauzaji wanavyoapa. Sahani nyingi za nyumba zetu zililetwa katika karne ya kumi na tisa kutoka Uholanzi, viwandani mwa Maastricht, na naamini hata ya bibi yetu ilikuwa hivyo. Nilipomwambia binti, alicheka. "Ami," alisema, "mimi sikumpenda bibi kwa sababu ya Uchina."

Namalizia kwa washairi, kwa kuwa mmoja wao ndiye aliyeanza. Tangu lugha hii ianze kuimba mapenzi, mfano wake mkubwa wa kutoachana umekuwa ni chanda na pete. Umeimbwa Pate, umeimbwa Mvita, umeimbwa Unguja. Mimi nimesoma tungo hizo maisha yangu yote, na sijapata kukutana na ubeti mmoja uliouliza pete ile ni ya karati ngapi. Mwana Kupona binti Msham, alipokuwa mgonjwa na kumtungia bintiye wasia wake mwaka 1858, alimwambia asizivue pete vidoleni, wala asiache hina wala marashi kwa ajili ya mumewe. Aliyetunga maneno hayo alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, si mtu wa kukosa cha kuvaa, na kwa pete hizo hakutaja mizani ya sonara. Alitaja kidole, kwa sababu alijua kwamba katika ule mfano kazi kubwa ni ya chanda. Pete hukaa tu. Chanda ndicho kinachopika, kinachofua, kinachovimba kwa joto la Machi na kukonda kwa maradhi, na pete ikiwa imekikaa sawasawa haitoki.

Sasa kaja mwenzetu, katika zama ambazo mashairi yetu yana wasomaji wachache kuliko maduka yetu ya dhahabu yana wateja, akakichukua kipimo cha dukani akakitia katika ubeti. Angekitia kwa mzaha ningecheka naye. Amekitia kwa kumdhihaki msichana yatima ambaye kosa lake ni kumkumbuka bibi yake mbele za watu. Namtaka ajibu, na nadhani mhariri hatamnyima nafasi. Ajibu kwa nathari au kwa tarbia, kama apendavyo, ila aanze kwa kutueleza ile ya kwake ya fedha aliivishwa na nani, na kama alijihisi ameazimwa.